Kwa Mkaza Mwanangu, Juu ya Bustani za Wanyama za Jangwani

Mkaza mwanangu mpendwa,

Nakuomba radhi kwa ukimya wangu. Umekuwa mrefu kupita adabu, nami nilifundishwa, tena nikafundisha wengine, kwamba mtu akiulizwa swali kwa heshima hana budi kulijibu kwa wakati. Wewe uliniuliza swali moja, mchana, kwa sauti ya chini, na tangu siku hiyo majira ya baridi yamepita huku Stockholm na mengine yameingia. Umenipigia simu Krismasi na Pasaka. Tumesalimiana, tumeulizana habari za afya, tumeagana. Hukunikumbusha hata mara moja. Nimeiona heshima yako katika jambo hilo, na imenichoma kuliko lawama yoyote.

Barua hii naiandika wazi, ili isomwe na wengine pia. Sababu ni kwamba huku kwetu wamekwisha kuanza kukusema. Jumapili baada ya ibada, pale Vårby gård, kitongoji cha Stockholm, watu wa Kongo, Burundi na Tanzania wanapokunywa chai pamoja, nimesikia jina la nyumba ya mwanangu likipitishwa kati ya maandazi na vikombe, na watu ambao hawajapata kukuona. Neno lililosemwa mbele ya watu halijibiwi kwa kunong'ona. Katika mambo yako nitayataja yale tu ambayo tayari yamo midomoni mwao. Mengine nimeyaacha pale ulipoyaweka.

Utanivumilia basi nikieleza mambo unayoyajua, kwa ajili ya wale wasiotujua. Tulitoka Uvira, tukavuka ziwa, tukakaa kambini Tanzania. Mimi na mama mkwe wako tulipelekwa Sweden. Mwanangu alikuwa amekwisha kukuoa na alikuwa na faili lake la ukimbizi, kwa hiyo mlipelekwa Marekani, katika mji wa Phoenix, uliojengwa jangwani. Huko mlimpata binti yenu. Huko mwanangu akafa angali kijana, moyo wake uliposimama akiwa kazini. Wakati huo sikuwa na pasipoti ya nchi yoyote. Alizikwa nami niko Rissne, kitongoji chetu cha Stockholm, nimekaa sebuleni, simu sikioni, nikisikiliza nyimbo za mazishi mpaka kadi ya simu ilipokwisha.

Pasipoti ilipopatikana, nilikuja. Mama mkwe wako hakuweza, kwa ajili ya magoti yake.

Ulinipokea uwanjani kama mke wa mtoto anavyompokea baba mkwe. Ulipiga magoti pembeni, uso umeinama, katikati ya watu na masanduku yao ya magurudumu. Mlinzi mmoja alikuja mbio kuuliza kama umeanguka. Binti yako alimjibu kwa Kiingereza, na yule mlinzi akaondoka akitikisa kichwa. Baadaye nilimwuliza mtoto alimwambia nini. Alisema: "Nimemwambia mama anasalimia."

Kwetu mtu na mkaza mwanawe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, wala hawatajani kwa majina. Vijana wa huku huniambia kwamba huo ni ushamba. Mimi huwaambia kwamba mila hiyo ilijengwa na watu wenye akili, ili ua wenye watu wazima wengi ukalike kwa amani. Nakiri tu kwamba waliojenga mila hiyo walikuwa na nafasi: nyumba ya pili, jiko la nje, njia ya nyuma ya kupitia. Wewe ulikuwa na vyumba viwili na sebule, ghorofa ya pili, juu ya uwanja wa magari. Ukipika, nakusikia ukikoroga ugali. Nikikohoa, unajua nimekohoa mara ngapi.

Basi tukamweka mtoto katikati. Kwa kuwa ana jina la mama mkwe wako, nawe huruhusiwi kulitamka jina hilo, mnamwita Somo, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Jioni ya kwanza nilikuwa sebuleni, wewe jikoni, mlango wazi.

"Somo, mwulize babu kama anataka chai."

Nilikuwa nimesikia, lakini nilingoja mtoto afike.

"Babu, mama anauliza kama unataka chai."

"Mwambie mama nataka, bila maziwa."

"Lakini amekusikia!" Somo alisema. "Nyinyi wote mnasikiana! Sasa mimi nafanya kazi gani?"

"Kazi yako ndiyo hiyo. Nenda."

Alikwenda akivuta miguu, akasema kwa sauti ya kuchoka: "Mama, babu anataka, bila maziwa." Nami nikakusikia ukimshukuru kana kwamba ameleta habari kutoka mbali.

Hivyo tuliweza kusemezana juu ya chai, juu ya blanketi, juu ya saa ya kusali. Lakini mimi sikuvuka bahari kwa ajili ya chai. Nilikuja nisikie jinsi mwanangu alivyokufa, na habari kama hiyo haitumwi kwa mdomo wa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Picha yake ilikuwa ukutani. Nilipotoka sebuleni, wewe uliingia, na nilijua umesimama mbele yake. Ulipotoka, niliingia mimi. Juma zima tuliitazama picha hiyo kwa zamu.

Jumamosi ukamtuma Somo aniambie kwamba tunakwenda kutazama wanyama.

"Mwambie mama," nilisema, "kwamba mimi nimetoka Afrika. Sina haja ya kuja Marekani kutazama twiga."

Mtoto alikwenda, akarudi. "Mama anauliza, kwa heshima, twiga uliwaona wapi."

Uvira hakuna twiga. Nilikuwa nimefundisha habari za twiga miaka mingi, kwa mchoro wa kitabuni, na fimbo ya kuonyeshea shingo. Nikavaa koti.

Nilikaa kiti cha nyuma, upande wa pili, ili macho yetu yasikutane kwenye kioo chako cha katikati. Hata hivyo ukakigeuza kioo hicho kikatazama dari, nami nikamtuma Somo akuambie kwamba heshima ni jambo jema, lakini malori yaliyo nyuma yetu hayajui habari za ukwe. Ukakirudisha kidogo. Jirani yako alipotuona hivyo Jumamosi ya pili, alikuuliza kama umeanza kazi ya teksi.

Mimi nilidhani jangwa ni mchanga mtupu. Nikaona vilima vyekundu, na madungusi yaliyosimama kama nguzo za umeme, na anga isiyo na wingu hata moja, mwezi ambao Rissne watu hawalioni jua. Bustani ile ya kwanza ilikuwa palepale mjini, kati ya vilima hivyo. Twiga walikuwa nyuma ya uzio wa mbao uliofika kifuani. Mimi nilisimama upande mmoja, wewe upande mwingine, Somo katikati yetu. Kisha Somo akaona mbuzi wa kulishwa na watoto, akatukimbia. Tukabaki wawili, na nafasi yake katikati.

Nilikuwa nageuka kuondoka, kama ilivyonipasa, ndipo niliposikia sauti yako. Ulikuwa unamtazama twiga.

"Baba, alianza kulalamika kifua tangu Jumatatu."

Sikugeuka. Nikamtazama twiga na mimi. Alikuwa anatafuna majani polepole, hana habari nasi.

"Hakwenda hospitali?" nilimwuliza twiga.

"Nilimwambia aende. Alisema akikosa zamu, zamu itapewa mwingine."

"Nani alikuwa naye?"

"Wenzake wa ghalani. Mmoja ni wa Goma. Alimshika kichwa. Alinisimulia yote, nami nimeyatunza ili nikusimulie wewe. Sikuweza kuyasema kwa simu, baba. Kwa simu mtu analia, na dakika zinakwisha."

Ukasimulia. Ulisimulia vizuri, kwa utaratibu, bila kuruka neno, na mimi niliuliza kila nililotaka kuuliza, tukiwa bega kwa bega na mahali pa mtoto katikati, macho yetu mbele. Nikauliza kama aliwahi kunitaja. Ukasema alikataza tusiambiwe anaumwa, kwa kuwa mama yake asingelala. Watu walipita nyuma yetu, wakapiga picha, wakaenda zao. Lazima walituona watu wawili wanaowapenda sana twiga. Hakuna mila tuliyoivunja. Sikukutazama, hukunitazama, na katika muda ule nilipata yote ambayo simu ya miaka ilishindwa kunipa.

Tangu siku hiyo hatukukosa Jumamosi. Bustani za mjini zilipokwisha tukafuata za mbali, kila mahali ambapo gari lako liliweza kwenda na kurudi kabla ya giza, kwa kuwa hukupenda kuendesha usiku. Tulikwenda kusini, upande wa Tucson, kwenye bustani ya wanyama wa jangwa lenyewe. Pale niliona nyoka mwenye njuga mkiani, na ndege wadogo kama kidole gumba wanaosimama hewani bila kutua. Mbele ya kioo cha nyoka uliniuliza mwanangu alikuwa mtoto wa namna gani, nikakuambia jinsi alivyokataa shule siku ya kwanza akajificha ndani ya pipa la mahindi. Ulicheka mpaka mlinzi wa nyoka akageuka. Tukapanda kaskazini pia, milimani, ambako kulikuwa na baridi ya kweli, na simba waliolala juani na manyoya mazito. Barabarani hatukusema. Maneno yote tuliyahifadhi mpaka tufike kwenye uzio.

Huko milimani ndiko lilikotokea jambo la tiketi, ambalo mpaka leo mama mkwe wako akilikumbuka hushika ubavu.

Ulikuwa umekwenda kuegesha gari. Nilitangulia na Somo kwenye dirisha la tiketi. Najua Kifaransa, na Kiswidi nimejifunza uzeeni, lakini Kiingereza changu ni cha kusoma tu. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe akauliza kitu huku akitabasamu, akinyoosha kidole kwangu, kisha kwa mtoto, kisha kwako ulipokuwa unakuja. Nikaona ni mtu mwungwana, nikaitikia kwa kichwa. Akauliza tena. Nikaitikia tena. Akanipa tiketi moja ya familia, ya bei nafuu, na akasema jambo la kutupongeza.

Somo alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Ulipofika tu, akapasuka:

"Mama! Babu amesema wewe ni mke wake!"

Chupa ya maji ilikuponyoka. Ukavuta kitenge ukajifunika kichwa kizima, ukageuka, ukakimbilia upande wa bata. Mimi nilibaki pale dirishani na tiketi mkononi, na yule mama mwenye nywele nyeupe akaniuliza kitu kingine, pengine kama tumegombana. Safari hiyo sikuitikia.

Tuliizunguka bustani nzima kwa njia mbili tofauti, mtoto akikimbia kati yetu. Neno kama hilo kwetu lina faini. Aliyekosa hutoa kuku, ndipo mambo yarudi mahali pake. Njiani kurudi nikamtuma Somo akuombe usimame dukani. Niliingia peke yangu, nikatoka na kuku, na jioni nikamkabidhi mtoto ampeleke jikoni.

Somo akarudi.

"Babu, mama anauliza faini gani hii haina kichwa."

"Mwambie ni kuku wa Marekani. Kichwa kimebaki kiwandani."

Akaenda, akarudi. "Anasema haina miguu pia. Faini ya ukwe huja kwa miguu yake."

"Mwambie anipe siku tatu nimtafute mwenye miguu."

Akaenda. Akarudi. "Anasema huyu ni barafu. Akimkubali ameigandisha kesi."

Hapo nilisikia kicheko chako jikoni, kicheko cha mtu aliyeshika meza asianguke. Somo akanitazama kwa mshangao, akasema hajui ni lini alimsikia mama yake akicheka namna hiyo. Tulimla kuku yule siku iliyofuata, mimi sebuleni, wewe jikoni, na faini ikahesabiwa imelipwa.

Bustani ya mwisho ilikuwa magharibi, kupita mashamba ya pamba. Ulinipeleka moja kwa moja kwa kiboko, hukusimama kwa mnyama mwingine. Alikuwa ndani ya bwawa la saruji lenye ukuta wa kioo, na watoto wa Kimarekani walipiga makofi kila alipoibuka.

"Baba," ulisema, "watu hawa wamelipa kuona kitu ambacho sisi tulikikimbia viatu mkononi."

Ni kweli. Uvira kiboko hutoka ziwani jioni akapita kati ya nyumba za watu, na mimi mwenyewe niliwahi kufunga shule mapema kwa sababu yake. Tulicheka. Kisha sauti yako ikabadilika. Ulisema kwamba mwanangu alikuwa akikuleta hapo kila alipopata Jumapili isiyo na zamu. Alisimama palepale, akafumba macho, akamngoja kiboko akorome. Alikuwa akikuambia: "Funga macho. Sasa tuko Mulongwe." Ndio mtaa wetu wa Uvira.

Nilikuwa nimefikiri kwamba bustani hizi ni werevu wako. Kumbe zilikuwa njia zake, nawe ulikuwa unanipitisha mimi baba yake katika njia hizo, moja baada ya nyingine, mpaka hii.

Ndipo ukasema neno lako. Kuna bwana anataka kukuoa. Ni Mrundi, mgane, mtu wa sala, na ni fundi wa viyoyozi; katika mji ule fundi wa viyoyozi huheshimiwa kama daktari. Anamjua Somo, na Somo anamjua. Ana wazee anaotaka kuwatuma, lakini hawana mlango wa kubisha hodi.

"Baba yangu alikufa vitani," ulisema, ukimtazama kiboko. "Kaka zangu sijui walipo. Wazee wakija, nani atawapokea? Nakuomba ukae wewe kwenye kiti cha baba yangu."

Wanaokusema huku wanadhani uliomba ruhusa. Ruhusa ningekupa au ningekunyima palepale. Wewe uliniomba nikutoe. Mtu niliyempokea nyumbani kwangu kwa nyimbo, nimkabidhi mimi mwenyewe kwa wazee wa mtu mwingine, kama binti niliyemzaa. Kwetu mtu hawi baba mkwe na baba wa mwanamke mmoja kwa wakati mmoja. Nikikikalia kiti hicho, ile nyumba ambayo mwanangu aliijenga nawe inafungwa, na anayeifunga ni mimi.

Nilisema: "Nimesikia." Hilo ndilo neno pekee nililopata. Baada ya siku chache nikapanda ndege.

Sasa nikueleze ya huku, bila kuficha. Nilimwambia mama mkwe wako usiku ule ule wa kurudi. Alisugua magoti yake, kisha akasema: "Amelifagia kaburi la mwanangu peke yake miaka yote hii. Kati yenu wanaume ni nani alikwenda kulifagia?" Hakusema zaidi, na hajaacha kunitazama kwa jicho hilo.

Mdogo wangu wa Hässelby yeye alisimama sebuleni kwetu na kusema kwamba mtoto wa marehemu ni wa ukoo. Kama mama anaolewa, aolewe, lakini Somo aletwe Stockholm kwanza.

"Alelewe na nani?" mama mkwe wako alimwuliza.

"Na sisi, shemeji. Sisi si watu?"

"Wewe? Watoto wako mwenyewe ukiwaita kwa Kiswahili wanakuitikia kwa Kiswidi, tena kutoka chumba kingine."

Akavaa kofia yake akaondoka, na kwa muda mrefu hakuja tena. Kutoka kwake, au kwa mkewe, habari ikafika Vårby gård. Mama mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, ni mjane gani huyo anayemtuma baba mkwe kumpokelea posa?" Nilimjibu kwamba ni mjane mwenye adabu kuliko walioolewa wanaosema na andazi mdomoni. Sijutii, ingawa mama mkwe wako anasema ningeweza kuliacha andazi.

Nilijaribu kuzungumza na mdogo wangu nyumbani kwake mara mbili. Tulikaa tukitazamana mezani, na kila neno lilirudi kama jiwe. Mwezi uliopita, theluji ya kwanza ilipoanguka, nilimpigia simu nikamwambia avae vizuri, tukutane. Nikampeleka kwenye bustani ya wanyama iliyo kisiwani Djurgården. Nikamsimamisha kwenye uzio wa yule mnyama ambaye Waswidi humwita älg, mkubwa kuliko ng'ombe, mwenye pembe pana kama mabeleshi.

"Mukubwa," alisema, "umenitoa Hässelby, nimebadili treni, nije kwenye baridi hii kumtazama punda aliyebeba kabati kichwani?"

"Mtazame tu. Usinitazame mimi."

Alinuna. Tukasimama. Theluji ilikuwa inamwangukia yule mnyama mgongoni, naye hakujali. Nilikwisha kufikiri kwamba jambo hili ni la huko jangwani tu, haliwezekani kwenye baridi, ndipo aliposema, akimtazama mnyama:

"Mimi sina neno na yule mama. Lakini huyo mtoto ndiye tuliyebakiwa naye. Akiitwa kwa jina la Mrundi, mwana wetu atakuwa amekufa mara ya pili."

"Nani amesema atabadilishwa jina?"

"Nani amesema hatabadilishwa? Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Miezi miwili! Mmewatazama wanyama wote wa Marekani, hukumwuliza?"

Alijipangusa pua kwa glavu, na nikaona kwa pembe ya jicho kwamba haikuwa pua peke yake. Alimpenda sana mwanangu. Yeye ndiye aliyemfundisha kuogelea. Nilikuwa nimemhesabu mtu mgumu, kumbe alikuwa akiogopa kitu ambacho mimi pia nakiogopa, ila yeye alikisema.

Tulikubaliana mambo haya. Ukoo utakaa nyumbani kwangu Rissne kabla ya Krismasi. Mdogo wangu atakuja, na binamu zetu wawili. Mama mkwe wako atakaa kikaoni pia. Mmoja wa binamu alipinga, akajibiwa na mama mkwe wako mwenyewe, na hatapinga tena. Shauri litakatwa siku hiyo, halitaahirishwa.

Kabla ya siku hiyo, naomba unijibu maswali mawili niliyopaswa kukuuliza mbele ya kiboko. La kwanza, Somo ataendelea kuitwa kwa jina la baba yake? La pili, kila majira ya joto shule zikifungwa, atakuja kwetu, aijue sauti ya bibi yake na Kiswahili cha nyumbani? Mwulize pia huyo bwana, na unieleze alivyojibu, na alichukua muda gani kujibu. Mtu anayejibu haraka mno juu ya mtoto wa mwenzake sitamwamini, afikiri kidogo.

Utataka kujua moyo wangu uko wapi. Hauko mahali pamoja. Asubuhi nikiamka nasema, huyu ni mke wa mwanangu, na mradi yeye yupo katika nyumba ile, mwanangu ana mlango unaofunguliwa na mtu anayemjua. Nani atakayekwenda tena kumsikiliza kiboko? Jioni nafikiri juu yako, umri wako, vyumba vile viwili, na mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maneno kati ya watu wazima wenye huzuni. Ulinipeleka pote alikopita mwanangu, hukuruka mahali, ukangoja mpaka tumemaliza yake ndipo ukasema yako. Binti aliyelelewa na baba ndiye anayefanya hivyo. Sikupata kumjua baba yako, lakini nimeiona kazi yake, na si jambo jepesi kuombwa kukaa mahali pa mtu kama huyo.

Nitayasema haya kikaoni, yote mawili, la asubuhi na la jioni, nami nitawasikiliza wengine. Shauri likikatwa, nitakuandikia siku ile ile, kwa mkono wangu, usije ukalisikia kwa watu wa chai.

Mpaka barua hiyo ikufikie, huyo bwana asimtume mzee yeyote kwangu. Hata hivyo si vibaya akianza kuwatafuta. Kupata wazee watatu wenye suti, kauli nzuri na subira katika mji ule wa jangwani kutamchukua muda, na mimi sitapokea wazee waliookotwa haraka.

Msalimie Somo. Mwambie bibi yake anamsalimu.

Wako, ambaye hadi leo ni baba mkwe wako,
Rissne